Nalenga Njiwa, Napiga Hewa

20 Machi

Alizeti imeanza kuinamisha vichwa, na njiwa wamepata habari kabla yangu. Asubuhi walikuwa wametua upande wa mbugani, wengi, wanakula kama waalikwa. Nimetoa shotgani sandukuni, nikafuta mtutu, nikaenda. Nimefyatua mara sita, ameanguka mmoja, na huyo naye nadhani alikufa kwa mshtuko.

Mwaka jana watu walikuwa wanakuja kutazama. Jirani yangu Bujiku alikuwa akisema, "Maige akiinua bunduki, washa moto kabisa." Leo alikuwa kwenye zizi lake, akaona yote, hakusema kitu. Kunyamaza kwake sikukupenda.

Risasi ni za boksi jipya nililonunua kwa Liaquat mjini. Nina mashaka nalo.

21 Machi

Mvua. Njiwa hawakuja, wala mimi sikwenda.

24 Machi

Nimepasua risasi moja kwa kisu, juu ya meza. Mke wangu Generosa akauliza ninatafuta nini. Nikamwambia natafuta ukweli. Marisau, zile chembe za risasi, yakamwagika, yamejaa vizuri, na baruti kavu. Lakini mtu akitaka kukuibia haweki pengo mahali utakapotazama kwanza.

Marselino alisimama mlangoni akitazama. Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu, mtu mzima sasa, alirudi Januari kutoka machimbo ya Geita akiwa na begi moja na kikohozi. Nimempa chumba, analima nasi, hana maneno mengi. Nilipomwuliza kwa nini ameacha kuchimba alisema, "Duara halikutoa kitu, baba mdogo." Wachimbaji wote husema hivyo juu ya mashimo yao. Aliyetoka na kitu naye husema hivyo.

28 Machi

Nimekwenda Shinyanga mjini. Duka la Liaquat bado linanukia mbolea na mafuta ya bunduki, kama wakati nilipokuwa dereva wa lori la baba yake na tukiwinda kanga pamoja siku za mapumziko.

"Liaquat, risasi zako haziui."

"Zinaua wilaya nzima, Maige. Kwako tu zimegoma?"

Nilitegemea abishe. Hakubisha. Akachukua boksi langu, akanipa jingine la aina nyingine, akakataa nyongeza. Kisha akaanza somo.

"Njiwa anayekatiza usimlenge alipo. Anza nyuma yake, mpite, fyatua mtutu ukiwa bado unakwenda. Wengi wanasimamisha mkono pale pale wanapofyatua, risasi inabaki nyuma. Na shavu lisiachane na kitako."

"Mimi ndiye unanifundisha?"

"Nakukumbusha, bwana." Akanisogelea, akanitazama kama anayetazama noti ya bandia. "Macho yako mazima?"

"Yanakuona wewe vizuri sana."

Njia nzima nimewaza. Mfanyabiashara anayebadilisha mzigo bila kubisha, anajua mzigo ulikuwa mbovu.

31 Machi

Boksi jipya, matokeo yale yale. Nilifanya kama alivyosema, neno kwa neno. Nilianza nyuma ya njiwa, nikampita, nikafyatua bila kusimamisha mkono. Njiwa akaendelea na safari yake kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa nyumba ya jirani.

Basi si risasi. Ni bunduki. Na bunduki haijiharibu yenyewe ikiwa sandukuni.

1 Aprili

Generosa anasema niende nikapimwe macho. Wa pili huyo. Nikamwuliza nani amemtuma.

2 Aprili

Redioni wametangaza kwamba wanunuzi wa dhahabu wameporwa karibu na chimbo moja huko Geita, na mmoja wa waporaji alikuwa na shotgani. Tulikuwa tunakula. Marselino aliinuka akatoka nje kabla habari haijaisha, ugali wake ukabaki.

Mtu asiye na jambo humaliza ugali.

3 Aprili

Nimepitisha uzi mweusi kwenye kifuniko cha sanduku la bunduki. Ufunguo mmoja ninao mimi shingoni. Wa pili anao Generosa kwenye fundo la kanga, na akilala kanga hutundikwa ukutani, kila mtu anajua.

5 Aprili

Uzi umekatika. Na boksi la risasi ni jepesi mkononi. Sikuzihesabu mwanzo, lakini mkono unajua.

Bunduki ipo. Nimeinusa mtutu. Inanukia mafuta yangu mwenyewe, au yanayofanana nayo.

6 Aprili

Mvua kubwa. Alizeti ya chini imelala.

9 Aprili

Leo limetokea jambo. Njiwa aliruka chini chini kutoka kwenye alizeti, akakata upande wangu wa kulia. Nikamfuata na mtutu, nikafyatua. Nikasikia ukelele. Generosa alikuwa amepiga magoti kwenye mistari, anainua alizeti iliyolala, na marisau yalipita juu ya kichwa chake yakipasua majani.

Aliinuka polepole. Nikasema lisilofaa.

"Nani amekutuma huko bila kuniambia?"

"Nilikuambia asubuhi," akasema. "Ukaitikia."

Nimeirudisha bunduki sandukuni. Lakini nauliza: kwa nini mtu ajifiche upande ule ule ninaopiga? Na kwa nini sikumwona?

10 Aprili

Generosa hasemi nami. Anasema na Marselino. Nikiingia jikoni wananyamaza.

14 Aprili

Nimemweleza Bujiku. Yeye ndiye kamanda wa sungusungu wanaolinda kitongoji chetu, na ana masikio makubwa. Nilimweleza kuhusu uzi, risasi zinazopungua, habari ya redio, na ugali ulioachwa. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Nikamwambia asubiri kwanza.

16 Aprili

Nitaandika yote, hata yasiyonipendeza.

Baada ya chakula cha mchana nilisikia yowe upande wa kwa Bujiku. Nilipofika, Marselino alikuwa amekalishwa chini kwenye zizi, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani, shati limechanika mgongoni. Vijana wamemzunguka na fimbo. Ng'ombe walikuwa malishoni, nzi walibaki.

"Baba Noela, njoo useme mbele yake," Bujiku akaniambia. "Umesema huyu anaiba risasi zako."

"Nimesema nina mashaka."

"Mashaka? Juzi ulisema una uhakika."

Marselino akainua uso. "Risasi gani, baba mdogo?"

Nilimtazama nikitafuta uongo usoni mwake. Niliona uso tu, na mahali pa macho niliona kivuli. Kijana mmoja akamchapa mgongoni, akamwambia ataje alikoziuza. Akasema hajauza kitu. Akachapwa tena, kwa nguvu zaidi, akaanguka kifudifudi kwenye samadi, kikohozi kikamkamata. Mimi nilisimama. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama.

Ndipo Generosa akaja. Hakukimbia. Alikuwa na ungo wa michembe ya viazi kichwani, kama anayekwenda kuianika. Akautua katikati ya wanaume wote, akaiondoa michembe kwa mkono, na chini yake zilikuwa risasi zangu zimefungwa kwenye kitambaa.

"Hizi hapa. Nimezichukua mimi."

Bujiku akakunja uso. "Mama Noela, usimkingie kifua mtu kwa uongo."

"Simkingii yeye. Namkinga mume wangu asije akaua mtu. Haoni."

Akanigeukia.

"Wiki iliyopita umenikosa kwa bahati ya Mungu, nimevaa kanga nyekundu. Nyekundu, Baba Noela, katikati ya majani mabichi! Unamwaga chai pembeni ya kikombe, unasema kikombe kimesogezwa. Juzi umempa shikamoo binti wa Bujiku ukidhani ni bibi yake, mtoto akakimbia."

Vijana wawili wakacheka. Afadhali wangenichapa na mimi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Nilikuambia ukapimwe. Ukaniuliza nani amenituma."

Bujiku mwenyewe akamfungua Marselino kamba. Hakuomba radhi, alisema tu, "Tumeambiwa, ndiyo maana." Marselino akasimama akishika ubavu. Alimshukuru Generosa, "Wabeja, mama mdogo," akapita karibu yangu akaelekea nyumbani. Hakunitazama. Au alinitazama na sikuona. Kuanzia leo mambo hayo mawili siwezi kuyatofautisha.

Jua linazama ninapoandika, na bado ndani yangu kuna kitu kinaniambia kwamba wamepanga wote wawili, kwamba risasi zilikuwa zikisubiri siku kama hii. Nimekiandika ili nikione kilivyo. Ni kibaya.

17 Aprili

Marselino ameondoka alfajiri na begi lake. Generosa anasema amerudi machimboni. Hajasema chimbo lipi.

18 Aprili

Njiwa wamejaa. Nimewaacha wale.

25 Aprili

Liaquat amekuja na pikapu yake. Generosa alimpigia simu. Nilikasirika, kisha nikakosa pa kuiweka hasira.

Alikuwa na mifuko mitupu ya saruji ameibandika pamoja ikawa kubwa kama mlango. Akaisimamisha kwenye kichuguu mwisho wa shamba lililovunwa mahindi, akachora duara la mkaa katikati.

"Piga," akasema. "Usichague, usitafakari. Inua upige kama unapiga njiwa."

Nikapiga. Tukaenda kutazama. Marisau yalikuwa yametapakaa ukingo wa kushoto, mengine yamekosa karatasi kabisa. Duara la mkaa lilikuwa safi. Nikapiga tena kwenye karatasi nyingine. Kushoto vilevile.

Kisha yeye akachukua bunduki yangu ile ile, risasi kutoka boksi lile lile, akapiga. Duara likageuka chujio.

Nilisimama pale nikilitazama kwa muda mrefu. Risasi nzima. Bunduki nzima. Nilikuwa nimemaliza watu wote wa kuwashuku, nikabaki mimi.

"Sasa nyoosha mkono," Liaquat akasema. "Elekeza kidole kwenye kile kisiki, macho yote mawili wazi. Umekipata? Funga jicho la kushoto."

Kisiki kikahama. Na si kuhama tu, kiliingia kwenye ukungu, kama ninakitazama kupitia nailoni.

"Sasa fungua la kushoto, funga la kulia."

Kidole kilikuwa palepale juu ya kisiki.

"Umeona? La kulia lina mtoto wa jicho. Hata mimi namwona, yuko hapo, mweupe. La kushoto limechukua kazi, lakini bunduki bado unaiweka bega la kulia. Jicho la huku linalenga, bega la kule linapiga. Hata ukifuata mafunzo yangu yote, mzigo utakwenda kushoto tu."

"Uliona siku ile dukani?"

"Nilihisi. Nilikuuliza, ukanijibu jeuri."

Anasema kuna madaktari wa macho watafika Ushirombo mwezi wa sita, wanaondoa ukungu kwa siku moja. Kabla ya kuondoka alinirudishia lile boksi la kwanza. Alikuwa amelijaribu lote isipokuwa risasi chache. Zilikuwa nzuri.

27 Aprili

Generosa ameweka masharti. Risasi zinakaa kwake. Atanipa moja moja, akiwa amesimama nyuma yangu. Sipigi chochote kilicho chini ya vichwa vya alizeti, napiga kilicho na anga nyuma yake tu. Akisema hapana, ni hapana.

Nimekubali. Alinitazama akitafuta kwa nini nimekubali haraka. Ameambukizwa na mimi.

29 Aprili

Asubuhi nzima nimesimama uani na bunduki tupu, nainua kwenda bega la kushoto, nashusha, nainua. Kitako kinatakiwa kifike shavuni chenyewe, shavu lisikitafute. Ni kama kula ugali kwa mkono wa kushoto. Kuku wamenizoea, hawakimbii tena.

3 Mei

Risasi za kwanza kwa bega la kushoto. Generosa yuko nyuma yangu, anasema anaona hewa ikitikisika marisau yanapopita.

"Nyuma yake."

"Nyuma tena, umesimamisha mkono."

"Juu. Umeinua kichwa kumtazama akianguka, naye hajaanguka."

Hakuna aliyenifundisha hivi tangu ujana. Nilitaka kukasirika. Nikaomba risasi nyingine.

6 Mei

Ameanguka! Alikuja kutoka mbugani, juu, moja kwa moja, nikaanza kwenye mkia, nikampita mdomo, nikafyatua mkono ukiwa bado unakwenda. Alijikunja akaanguka kwenye mstari kati ya mashina. Generosa alisema "hewala," akanipa risasi nyingine bila kuombwa.

12 Mei

Wanaanguka zaidi ya nusu sasa. Ninawaacha wa mbali. Zamani nilimfyatulia kila aliyepita, nikadhani ndiyo umahiri. Sasa nasubiri aje karibu mpaka nione kifua chake kina rangi gani. Wengi wameanza kuhamia shamba la mbele. Na wale walioanguka tunawala kwa nyanya na bamia.

Ningependa Marselino angekula. Nimempigia simu. Inaita mpaka inakata.

14 Mei

Bujiku ameleta maziwa. Nilikaa nikiwaza anataka nini. Kisha nikawaza kwamba labda ameleta maziwa.

"Yule kijana tulimkosea," akasema alipokuwa anaondoka.

Mimi ndiye niliyempa uhakika nisiokuwa nao. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akasema, "Fimbo zilikuwa za kwangu," akaenda zake.

26 Mei

Tumekata vichwa vyote, tumevianika. Mavuno si mabaya. Yangeweza kuwa mazuri zaidi kama nisingepoteza mwezi mzima nikipiga hewa na kulinda sanduku.

2 Juni

Generosa hawezi kuja Ushirombo, alizeti bado inapigwa kutoa mbegu, na mvua za mwisho hazijaaga. Nimesema nitakwenda peke yangu. Amecheka, si kwa furaha. Akachukua simu akatoka nje. Marselino humpokea yeye. Sikutega sikio. Naandika kwa sababu ilikuwa kazi ngumu.

11 Juni, Ushirombo

Naandika nikiwa kwenye benchi, nimepewa namba, bado hawajaniita. Jicho limewekwa dawa na mistari inaelea, lakini nataka niandike kabla hawajalifunga.

Alikuwa kituoni niliposhuka kwenye basi. Sikumtambua mpaka alipokohoa. Amekonda. Viatu vyake vina udongo mwekundu wa machimbo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Asante kwa kuja."

"Nimetumwa na mama mdogo."

Nilikuwa nimetunga hotuba tangu Kahama. Yote ilipotea. Nikasema, "Marselino, nilikukosea. Nilikupeleka kwa watu kwa ajili ya macho yangu mabovu."

"Si macho," akasema. Hakuongea kwa ukali. "Macho yalikukosesha njiwa. Mimi sikuwa njiwa. Nililala nyumba moja na wewe tangu Januari. Hukuniuliza hata siku moja."

Nikamwuliza basi, nikiwa nimechelewa. Kwa nini aliinuka siku ile ya redio?

Aliwapisha watu wenye mizigo. Kisha akasema chimbo lililotajwa ndiko alikotoka. Duara liliporomoka Desemba, yeye akiwa nje anavuta kamba, na mwenzake Donatus akiwa ndani. Walichimba kumtafuta mpaka wakakatazwa. "Bado yuko chini kule. Wakitaja jina la pale siwezi kumeza."

"Na umerudi machimboni?"

"Ningekwenda wapi?"

Nikamwambia chumba chake kipo, na kwamba sitamlazimisha. Akasema atafikiri. Akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba mgongo bado unauma akiinama ndani ya shimo.

Hospitali iko ng'ambo ya barabara kuu. Malori yalikuwa yanapita, na kwa upande wangu wa kulia nilikuwa nayasikia tu. Nikasimama ukingoni. Sikumwomba. Akazunguka akaja upande ule nisioona, akatazama huku na huku, kisha akanishika. Alishika mkono wa shati, si mkono.

Tukavuka.